Mikono iko kwenye usukani, kichwa kiko Tukuyu: namna ya kukirudisha

Tawi bichi barabarani lina maana moja tu, na kila anayeishi kwa njia ya Tunduma, mpakani na Zambia, anaijua hata kabla hajapata leseni: mbele kuna gari limekufa. Unaachia mafuta, unagusa breki kumwonya wa nyuma, unaanza kulitafuta hilo gari liko wapi. Mwaka 2014, saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni, niliyapita matawi matatu kati ya Melela na Doma nikiwa na semi ya mbolea ya kwenda Zambia. Niliyatazama. Tingo wangu, msaidizi wa garini, aliniapia baadaye kwamba aliyaona macho yangu yakiyaangalia. Lakini mimi sikuyaona.

Nilikuwa naongea na kaka yangu. Simu haikuwa mkononi. Ilikuwa juu ya dashibodi, waya umepanda mpaka sikioni, mikono yote miwili kwenye usukani kama tulivyofundishwa. Maongezi yalikuwa ya shamba la marehemu baba kule Tukuyu. Kaka akaniuliza, "Hivi mpaka wa upande wa mtoni uliishia kwenye mparachichi au kwenye mfereji?" Nikaanza kuutembea ule mpaka kichwani. Nikatokea nyuma ya jiko, nikashuka kwenye migomba, nikakaribia mparachichi, na hapo ndipo niliposikia, "Mzee! Mzee! Gari!"

Roli la mahindi limesimama upande wetu, jeki iko chini ya ekseli, mtu amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma. Nikavuta usukani kulia. Bahati yake na yangu, hapakuwa na gari linalokuja. Chupa ya chai ilipasukia miguuni kwa tingo. Sikioni kaka bado anauliza, "Halo? Unanisikia? Mparachichi au mfereji?"

Siendeshi tena masafa. Sasa nasimamia madereva 17 kwenye yadi moja ya Kibaha, na karibu kila kijana anayeletwa kwangu anaanza na maneno yale yale: "Mimi sishiki simu, mzee, natumia eafoni." Namwambia hata mimi nilikuwa nayo. Halafu namkalisha chini, tunaanza na haya yafuatayo.

Kwanza elewa kinachotokea kichwani

Kwa muda mrefu nilidhani ile ya Doma ilikuwa uzembe wangu binafsi. Kumbe watu wameshalipima jambo hili kwa vipimo. Mwaka 2001, David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapa watu kazi ya kufuata njia kwenye kioo cha kompyuta na kila taa nyekundu ikiwaka wabonyeze haraka kitufe cha breki. Waliokuwa wakizungumza kwa simu walizikosa taa hizo mara mbili ya kawaida, na hata walizoziona walichelewa kuziitikia. Mwenye simu mkononi na asiyeishika walikosea sawasawa. Na hapa kijana huwa ananikodolea macho: waliosikiliza redio tu hawakuharibikiwa. Kwa hiyo tatizo halikuwa sauti masikioni. Ni kule kutakiwa kujibu.

Baadaye Strayer na wenzake waliwavisha madereva kofia yenye nyaya za kupima umeme wa ubongo, wakawaweka nyuma ya gari linalofunga breki mara kwa mara kwenye mashine ya kuigiza udereva. Taa za breki za mbele zikiwaka, takriban theluthi moja ya sekunde baadaye ubongo hutoa wimbi dogo la umeme linaloonyesha kwamba kilichoonekana kimepokelewa na kinafanyiwa kazi. Dereva akiwa kwenye simu, wimbi hilo lilipungua kwa nusu. Taa ile ile, macho yale yale. Niliposoma habari hiyo nikayakumbuka matawi yangu matatu.

Kuna na jaribio la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, la mwaka 2008. Watu 29 walilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo ukiwa kazini, ile ya MRI, huku wakiendesha gari la kwenye kioo katika njia yenye kona. Hawakushika simu wala hawakuongea. Walisikiliza sentensi na kusema kama ni kweli au uongo kwa kubonyeza kitufe, basi. Ile sehemu ya ubongo ya juu kuelekea nyuma, inayoshughulikia wapi kitu kilipo na kiko umbali gani, kazi yake inayohusiana na kuendesha ilishuka kwa asilimia 37. Na gari likaanza kutoka kwenye njia yake, likigonga kingo.

Mimi huwaeleza vijana kwa mlima Kitonga. Una mzigo kamili, uko gia ya chini, injini inalia. Ukiwasha AC hapo, gari linajisikia. Injini ni moja, na AC inakula nguvu ile ile inayotakiwa kupandisha mzigo. Tofauti ni kwamba kwenye gari utasikia injini ikizidiwa. Kichwa hakilii. Kikizidiwa kinaacha kimya kimya baadhi ya kazi, na kazi kinazoanza kuziacha ni zile ambazo hutajua zimeachwa: vioo, pembeni ya barabara, tawi.

Wahispania wawili, Recarte na Nunes, waliliona hilo kwenye barabara za kweli mwaka 2000. Walimpa dereva kazi za kufikiri akiwa kwenye mwendo, huku kifaa kinafuatilia macho yake. Macho yaliganda mbele. Vioo na spidi mita vilitazamwa kidogo sana kuliko kawaida. Na kazi iliyoharibu zaidi ilikuwa ile ya kuchora picha kichwani. Mparachichi au mfereji! Mtu akikuuliza bei ya mafuta unajibu kwa maneno. Akikuuliza mpaka wa shamba, au lile boksi uliliweka kabati gani, unalazimika kwenda kuangalia, na unaangalia kwa jicho lile lile ulilohitaji kwa barabara. Maswali ya namna hiyo yaogope kuliko yote.

Jambo moja zaidi, nalo ni la kona. Huko Toronto, Kanada, mwaka 2013, watafiti waliweka usukani na pedeli ndani ya MRI, wakakuta kwamba kukata kona mbele ya magari yanayokuja ndiko kunakoitumikisha sana sehemu ya nyuma ya ubongo, ile ya kuona. Dereva akiulizwa maswali wakati huo, kazi inahama kwenda sehemu ya mbele ya kichwa na sehemu ya kuona inafifia. Kwao ni kona ya kushoto. Kwetu tunaoendesha kushoto ni kona ya kulia: kuingia sheli iliyo ng'ambo, kuingia mzani, kuingia yadi. Hapo hata tingo anyamaze.

Maliza maneno kabla hujawasha gari

Kazi kubwa ya kulinda kichwa inafanyika gari likiwa limepaki. Dereva anayesubiri aone njiani kama atapokea au hatapokea atapokea tu, maana simu ya tajiri, mwenye gari, haikatwi kirahisi.

Chukua daftari. Andika watu watakaokutafuta leo, hawazidi watano. Kwa dereva wa transiti ni tajiri, wakala wa forodha kule Tunduma, mwenye mzigo, nyumbani, na kuna mmoja wa ziada ambaye kila mtu anamjua wake. Wapigie wote, mmoja mmoja, kabla ya kutia ufunguo. Usiwaambie "nitakupigia baadaye", maana baadaye haina saa, na mtu asiyejua saa atapiga mara sita. Waambie mahali: "Nitakula Mikumi, kama saa saba. Kabla ya hapo sipatikani. Baada ya hapo nitasimama Ilula." Watu wanavumilia sana wakijua wanasubiri nini. Mke wangu miaka yote alikuwa anapiga kila saa, nikidhani ananichunguza. Nilipoanza kumtajia vituo akaacha kabisa, hata nikawa mimi ndiye ninayemuuliza mbona hapigi.

Kisha simu iwe sailensi na iwe mahali usipoiona. Kitandani nyuma ya siti ni pazuri. Juu ya dashibodi hapafai hata ikiwa bubu, kwa sababu inawaka, na ikiwaka unaanza kujiuliza ni nani. Kujiuliza nako ni safari.

Kama una tingo, mpe yeye simu, lakini mfundishe. Wengi wanakosea hapa. Tingo anapokea, halafu anakugeukia: "Mzee, tajiri anauliza zile karatasi za mzani wa Vigwaza uliziweka wapi?" Umeona? Maongezi ni yale yale, yamepita tu mdomo mwingine. Kazi ya tingo ni kusema, "Anaendesha, niambie niandike," akaandika, na asikwambie mpaka msimame. Anachoruhusiwa kukuambia papo hapo ni kinachohusu gari na barabara: moshi unatoka kwenye gurudumu, turubai limefunguka, kuna mtu anatupungia mkono.

Maongezi ya ndani ya gari

Utaniuliza, je, nisiongee na tingo kuanzia Dar mpaka mpakani, saa zote hizo, kama niko kaburini? Ongea. Utah walilipima hata hili. Mwaka 2008 walimpa kila dereva kazi ya kuendesha kwenye mashine ya kuigiza na kuchepuka kuingia eneo la kupumzikia lililo mbele. Wenye rafiki pembeni, karibu tisa katika kumi walichepuka mahali sahihi. Wenye rafiki kwenye simu, nusu walipitiliza.

Sababu utaiona ukiwa Kitonga. Tingo wako anaweza kuwa anasimulia mpira tangu Mahenge, Simba wamefanya hivi, Yanga wamefanya vile, lakini mkianza kupanda na kona ya kwanza ikatokea na roli linashuka, ananyamaza mwenyewe katikati ya neno. Hakuna aliyemwambia. Anaona unachokiona. Mara nyingine anakuwa jicho la pili: "Huyo wa nyuma anataka kutanua." Kaka yangu kule Tukuyu hakuwa na namna ya kujua kwamba ni wakati wa kunyamaza. Naye alikasirika kidogo nilipochelewa kujibu, na mtu akikasirika unamjibu haraka zaidi.

Kwa wenzangu wa mabasi ni tofauti, kwa sababu abiria wa siti ya tatu haoni barabara. Ugomvi wa nauli, mtoto kutapika, mtu kutaka kushushwa mahali pasipo kituo: hayo amalize kondakta, na ayamalize nyuma. Kondakta anayekuja kukuinamia begani kukueleza kesi ya abiria mrudishe mara moja. Tingo anayevaa eafoni zake mwenyewe kutoka Chalinze mpaka Iringa naye hesabu huna. Huyo ni mzigo kama mbolea, tena hajaandikwa kwenye karatasi.

Ikibidi upokee

Simama. Usisimame penye kona wala kwenye mteremko. Tafuta sheli, mzani au sehemu pana yenye kifusi, ukae nje kabisa ya lami, hazadi ziwake, pembe tatu ziwekwe. Kama hakuna nafasi, simu isubiri. Hakuna jambo la tajiri lisiloweza kusubiri kilomita kumi.

Ongea, maliza. Sasa usiondoke.

Hii ndiyo sehemu ambayo vijana hawaiamini. Mwaka 2015, taasisi ya utafiti ya chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, ilitoa matokeo ya kazi ya Strayer kuhusu madereva wanaoiagiza simu au gari kwa sauti: piga namba hii, badilisha wimbo. Kwa baadhi ya mifumo hiyo, kichwa kilichukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani baada ya dereva kumaliza kusema. Piga hesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wetu sisi wa magari makubwa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde 27 ni mita 600. Umeshakata simu, unajiona uko huru, na bado utapita mita 600 ukiwa hujafika. Hapo ilikuwa ni kuamrisha mashine tu. Mimi nasemea simu ya mtu aliyekudai.

Dawa yangu ni matairi. Semi ya kawaida ya kwetu, kichwa cha ekseli tatu na trela la ekseli tatu, ina matairi 22. Chukua kipande cha bomba au nyundo, uzunguke, ulipige kila moja. Tairi lenye upepo linarudisha sauti ya ngoma na chuma kinaruka mkononi. Lililopungua linajibu bubu, chuma kinalala. Ili kuisikia tofauti hiyo lazima uwe pale, huwezi kuisikia ukiwa bado unagombana na wakala. Ukifika tairi la kumi na hukumbuki la tisa lililiaje, rudia. Ukimaliza 22 umepoteza dakika chache, umekagua gari, na kichwa kimerudi chenyewe bila kukibembeleza.

Kichwa kikiondoka bila simu

Baadhi ya madereva wangu hawana shida ya simu hata kidogo, na bado wanapotea. Njia ya kupotelea ni ile nyoofu. Ukishatoka Igawa, bonde la Usangu liko kulia, barabara imenyooka, hewa ya joto, hakuna kitu. Ukija kushtuka uko Chimala. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, waliwaendeshesha watu njia moja ya kuchosha kwenye mashine siku kadhaa mfululizo, na kila baada ya muda mlio unalia, dereva anaulizwa: ulikuwa unawaza kuendesha au kingine? Takriban asilimia 70 ya majibu ilikuwa kingine. Na mawimbi ya ubongo yalibadilika mtu akiwa amekwenda.

Kuwaza kwenyewe huwezi kukuzuia. Unachoweza ni kujua mapema kwamba umeondoka. Dalili zangu ni hizi: gari limefika 90 na hujaamua kuongeza, au limeshuka 60 na hakuna kilima. Anayekuja anakupiga taa kwa sababu zako bado ziko full. Tuta limekukuta wewe, hukulikuta. Na kubwa kuliko zote, jiulize kibao cha mwisho kilisema nini. Usipojua, hukuwepo. (Ajabu ni kwamba dereva yule yule asiyeona kibao atamwona trafiki mwenye tochi ya kupimia spidi chini ya mwembe kutoka mita mia nne. Macho hayana shida, yameagizwa kutafuta kitu kimoja.)

Ukijikamata, anza kusema kwa sauti unachokiona. Askari wa Uingereza wanaofundishwa udereva wa kazi wanafunzwa hivyo, na mimi nilidhani ni uchizi mpaka nilipojaribu. Inakwenda hivi: "Bodaboda kushoto, abiria wawili, anatazama nyuma. Kibao cha hamsini. Mama na ndoo, mtoto yuko nyuma yake, hajashikwa mkono. Kioo cha kulia, basi linakuja. Kushoto shule, uwanja una watoto." Unatumia ule ule mdomo na ule ule ubongo wa maneno ambao ungepelekwa Tukuyu, lakini sasa unalazimika kuchukua maneno yake nje ya kioo. Dakika tatu zinatosha. Ukifanya safari nzima utachoka na tingo atashuka. Sisi tuliufanya mchezo: mmoja anauliza ghafla, "Kibao cha mwisho?" Asiyejua ananunua chai. Nimenunua chai nyingi sana.

Usingizi ni habari nyingine, na dawa yake ni kulala. Huku kusema kwa sauti hakukuamshi.

Mawazo mazito, na habari ya msiba

Si mawazo yote yanafanana. Ufaransa, katika hospitali ya Bordeaux, waliwahoji watu 955 walioumia wakiwa wanaendesha, matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Waliokuwa na mawazo mazito, yale yanayomshika mtu hamwachii, walikutwa mara nyingi zaidi upande wa waliosababisha ajali kuliko upande wa waliogongwa bila kosa.

Huku kwetu ninayajua kwa majina. Kuna rejesho la kila wiki la mkopo wa kausha damu, kuna mtoto kurudishwa ada, kuna ugomvi ulioachwa nyumbani alfajiri bila kumalizika. Dereva wangu akija na sura hiyo simpi ufunguo mpaka akae dakika kumi na daftari. Anaandika mambo mawili tu: ni nini, na atalifanya lini. "Rejesho. Ijumaa, nikishalipwa posho ya Tunduma." Deni halipungui hata shilingi, lakini wazo lililopewa siku linatulia kidogo, lisilopewa siku linaomba siku kila baada ya kilomita.

Msiba ndio unaonipa kazi. Wote tunajua desturi yetu. Mtu amefariki, dereva yuko njiani, ndugu hawataki kumshtua, wanampigia: "Mama anaumwa kidogo, jitahidi uje." Wanadhani wamemlinda. Hakuna mtu mzima asiyejua maana ya "anaumwa kidogo, jitahidi uje." Sasa dereva ana tani zaidi ya ishirini mgongoni na fumbo ambalo tayari amelifumbua, na hana hata ruhusa ya kulia kwa sababu hajaambiwa. Mmoja wa vijana wangu alipokea simu ya hivyo Makambako. Akaendesha mpaka Iringa. Tulipomhoji hakukumbuka Mafinga hata kidogo, mji mzima wenye taa na matuta na malori yaliyopaki pande mbili. Alifika salama, na hiyo ni rehema tu.

Tangu hapo kila familia ya dereva wangu ina namba ya yadi. Jambo lolote zito lipite kwangu. Mimi nampigia tingo, namuuliza mko wapi, mtasimama wapi. Nasubiri. Wakishapaki namwambia tingo achukue ufunguo autie mfukoni, ndipo naongea na dereva, na naongea wazi: kaa chini kwanza, mama yako amefariki leo asubuhi, pole sana mwanangu. Ukishasema, usimwambie "jikaze umalizie." Gari linabaki hapo, natuma dereva mwingine, yeye anapanda basi kwenda kuzika. Tajiri mmoja alinung'unika kwamba nimempotezea siku nzima. Nikamwomba anitajie bei ya kichwa kipya cha gari, na hilo la siku halikurudi tena.

Kwa tajiri na kwa walio nyumbani

Matajiri wengi siku hizi wana ramani ya gari kwenye simu zao, na mabasi yana ule mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo. Vyote vinakuonyesha spidi. Cha kuchekesha ni kwamba tajiri anakaa, anaona kinukta kinatembea, anafurahi, anasema "yuko hewani huyu," anapiga. Geuza. Kinukta kikitembea, weka simu chini. Kikisimama dakika tano, piga. Huhitaji kifaa kipya, unacho tayari.

Na mfundishe kila anayekupigia neno la kufungulia. Mimi ilinichukua muda kumwambia kaka. Siku ile nilimpigia kutoka Mikumi, gari limepaki, miguu iko chini, tingo anafuta chai kwenye zulia. Akaniuliza mbona nilikata. Nikamwambia mtandao. Kisha nikamjibu alichouliza: mpaka ni mfereji, mparachichi baba aliupanda baadaye. Miaka miwili ikapita ndipo nikamsimulia ya Doma, tukiwa tumekaa chini ya mparachichi huo huo, na alinyamaza kwa muda mrefu.

Mpaka leo, ingawa nashinda kwenye kiti cha plastiki yadini, kaka akipiga neno lake la kwanza ni, "Umepaki?"